Njia za reli zilizofungwa na treni za mijini: serikali ianze na lipi katika mpango wake?

Abiria wa Asubuhi ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nimo katika kamati ndogo ya wananchi iliyoombwa kutoa maoni juu ya rasimu ya mpango wa usafiri wa miaka 20. Rasimu hiyo ina sura mbili zinazohusu reli. Ya kwanza inaorodhesha njia zilizofungwa miongo kadhaa iliyopita ambazo serikali inakusudia kuzifufua, na ya pili inaeleza upanuzi wa treni za mijini, yaani stesheni mpya, njia ya pili pale ambapo ipo moja, na mabehewa zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba sura hizo hazisemezani. Ukiisoma ya kwanza utadhani treni zitakazofufuliwa zitaishia hewani, na ukiisoma ya pili utadhani hakuna mtu anayeingia mjini kutoka nje.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Ni vigezo gani hutumika kuamua njia ipi ifufuliwe na ipi iachwe? Je, ni kweli kwamba kufufua ni nafuu kuliko kujenga, kwa kuwa tuta na ardhi vipo tayari, kama rasimu inavyorudia karibu kila ukurasa? Na fedha zikitosha jambo moja tu, tuanzie wapi?

Nimejaribu kuangalia Uingereza, ambako maelfu ya kilomita za reli zilifungwa baada ya ripoti ya Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli la nchi hiyo, ya 1963, na katika miaka ya karibuni baadhi zimefunguliwa tena. Hata hivyo, mpango wao wa kitaifa wa ufufuaji, uliotangazwa mwaka 2020 kwa ahadi ya pauni milioni 500, ulifutwa na serikali iliyofuata mwezi Julai 2024. Sijui nijifunze kutoka kwa wale waliofungua au kwa wale waliofuta.

Fundi Mataruma amejibu:

Nitalishika swali la kufufua kuwa nafuu, kwa kuwa ndilo lililonimalizia soli za viatu kwa miaka mingi. Kuwapo kwa tuta si sawa na kuwapo kwa njia. Reli iliyofungwa hufa kwa hatua, na gharama ya kuirudisha hutegemea kifo chake kimefika wapi. Kuna njia iliyopoteza abiria lakini bado treni moja moja ya shehena inapita, kuna iliyobaki na vyuma visivyopitiwa na chochote, kuna iliyong'olewa vyuma na kuachiwa tuta tupu, na kuna ile ambayo hata tuta limeuzwa vipande vipande. Rasimu inayoziweka zote katika jedwali moja na kuzipa gharama ileile kwa kilomita inapaswa kurudishwa kwa walioiandika.

Mifano miwili ya Uingereza inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Njia ya Okehampton iliondolewa treni za abiria za kila siku mwaka 1972, lakini vyuma vilibaki kwa sababu ya machimbo ya mawe yaliyokuwa mbele yake. Ilipofunguliwa tena Novemba 2021, kazi kubwa ilikuwa kubadilisha reli, kumwaga kokoto mpya na kutandika mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya vyuma vya reli) 24,000 ya zege, na mradi ulimalizika kwa takribani pauni milioni 40, chini ya bajeti yake. Kwa upande mwingine, njia ya kusini mwa Edinburgh hadi Tweedbank ilifungwa mwaka 1969 na kung'olewa. Kuirudisha kilomita 48 tu, si njia nzima ya zamani, kuligharimu karibu pauni milioni 300 kufikia ufunguzi wa 2015, kwa sababu kwa hakika ilikuwa ni kujenga upya juu ya mstari wa zamani.

Hata pale vyuma vilipobaki, msiamini macho. Taruma la mbao linaweza kuonekana zima kwa juu huku ndani limeoza. Sisi huchukua bisibisi, tukaichoma karibu na msumari unaoshika reli, na ikizama hadi kwenye mpini basi taruma hilo halipo, hata kama limehesabiwa. Kokoto zikijaa udongo haziruhusu maji kupita, na treni ya kwanza nzito huzigeuza kuwa uji. Makalavati, yaani mifereji inayopitisha maji chini ya tuta, ndiyo adui mkubwa zaidi. Kalavati likiziba, tuta linageuka kuwa bwawa, upande mmoja maji yanasimama kila msimu wa mvua, udongo wa ndani unalainika, na hakuna anayejua hadi pale uzito unaporudi.

Niliwahi kutumwa kukagua njia ambayo kampuni moja ya ushauri ilikuwa imeandika kwamba "iko wazi kwa urefu wake wote", baada ya kuitazama kwa picha za angani. Tulipotembea kwa miguu, katika kilomita ya tatu tukakuta bomba kuu la maji limezikwa katikati kabisa ya tuta, sambamba na reli, kwa zaidi ya kilomita moja. Picha ilionyesha majani tu. Kulihamisha bomba lile kungegharimu zaidi ya reli yenyewe katika kipande hicho, na fedha hizo hazikuwa katika bajeti ya mtu yeyote. Kwa hiyo, ndugu Abiria, kamati yako iulize jambo moja kwa kila njia iliyomo katika orodha: ni nani aliyeitembea, na lini?

Mpanga Ratiba amejibu:

Fundi ameeleza vizuri kinachotokea njiani. Mimi naomba kueleza kinachotokea mwisho wa njia, kwa kuwa hapo ndipo zile sura mbili za rasimu zinapokutana, ziwe zimeandikwa hivyo au la.

Chukueni stesheni kuu ya mji wowote ambako njia tano au sita zinaingia. Kabla ya kufika kwenye majukwaa, njia hizo hubanana katika mita mia chache za makutano, na treni moja inapokatiza kwenda jukwaa la mbali, nyingine zote hazina budi kusubiri. Makutano hayo nayaita lango. Tuseme lango hilo linaweza kupitisha treni 12 kwa saa, na asubuhi tayari zinapita 11. Nafasi iliyobaki ni moja. Unaweza kufufua njia tatu za zamani kwa fedha nyingi na kwa sherehe, lakini treni itakayoingia mjini saa moja na nusu asubuhi ni moja tu. Zile nyingine zitaingia saa nne, wakati mwenye kazi ameshafika kwa njia nyingine. Baya zaidi, nafasi hiyo moja ikipewa treni fupi ya mabehewa mawili kutoka mbali, inanyimwa treni ndefu ya mjini ambayo ingebeba watu mara nne zaidi.

Munich walikutana na jambo hili kwa kiwango kikubwa. Handaki la katikati ya mji lililofunguliwa mwaka 1972 linabeba karibu njia zote za treni za mji na vitongoji vyake, likipitisha hadi treni 30 kwa saa kila upande. Ukiongeza tawi huko pembeni, abiria wake lazima wapite katika shingo ileile, na treni moja ikikwama, mji mzima unakwama nayo. Ndiyo maana sasa wanachimba handaki la pili, kazi ambayo imechelewa sana na kupanda gharama kupita kiasi. Mtu anaweza kuwalaumu kwa usimamizi, na lawama hiyo ni halali, lakini haja yenyewe ilikuwa ya kweli.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la "tuanzie wapi" ni kwamba tuanzie kwenye lango, isipokuwa pale ambapo njia iliyofungwa ndiyo lango lenyewe. Hilo si fumbo. London ilikuwa na handaki fupi la Snow Hill, ambalo lilikosa treni za abiria tangu 1916 na baadaye likaachwa kabisa. Mwaka 1988 lilifunguliwa tena, na ghafla treni za kaskazini na za kusini, ambazo hapo awali ziliishia kila moja upande wake wa mji, zikaweza kupita moja kwa moja. Treni inayopita haikai kwenye jukwaa ikisubiri kugeuza. Hushusha, hupakia na kuondoka, na jukwaa lililokuwa likihudumia treni tatu kwa saa linahudumia nyingi mno. Mji huohuo ulikuwa na daraja refu la matao huko Kingsland lililokaa bila treni tangu 1986. Kwa kuwa halikubomolewa, mwaka 2010 lilirudishiwa reli na kuwa sehemu ya mzunguko wa treni za mjini ambao leo una abiria wengi sana. Njia fupi iliyofungwa ndani ya mji mara nyingi ina thamani kuliko njia ndefu iliyofungwa mashambani, ingawa ile ndefu ndiyo inayoonekana vizuri kwenye ramani.

Lakini hata ndani ya mji, si kila njia ya zamani iko mahali panapofaa. Paris ina reli ya mzunguko, Petite Ceinture, iliyoacha kubeba abiria mwaka 1934. Walipojenga tramu ya T3, iliyofunguliwa 2006, waliipitisha juu ya barabara pana zilizo karibu na reli hiyo, si juu ya reli yenyewe. Reli ya zamani iko ndani ya mitaro na juu ya madaraja, nyuma ya majengo, ambapo kufika jukwaani kunahitaji ngazi na lifti, ilhali barabarani watu tayari wapo. Wakati huohuo, upande wa magharibi wa mji huo, njia ya reli iliyofungwa mwaka 1993 ilirudi mwaka 1997 ikiwa tramu ya T2, na ikafanikiwa, kwa kuwa yenyewe ilipita kando ya ofisi na makazi. Wapangaji walewale, mji uleule, majibu mawili tofauti, na kigezo kilikuwa umbali kati ya mlango wa mtu na jukwaa.

Na ningependa kuongeza kwamba si lazima kusubiri ujenzi. Dar es Salaam ilianzisha treni za abiria wa mjini mwaka 2012 juu ya reli zilizokuwapo tayari, bila kutandika njia mpya. Huduma ilikuwa na mipaka yake, lakini ilionyesha abiria wako wapi kabla ya fedha nyingi kumwagwa.

Abiria wa Asubuhi amejibu:

Nawashukuru nyote wawili. Nimerudi kwenye rasimu na kutafuta neno "lango" au kitu kinachofanana nalo, na sikulipata. Kuna sentensi moja tu isemayo kwamba treni za njia zilizofufuliwa "zitaunganishwa na mtandao uliopo". Nimeipigia mstari.

Mjumbe mwenzangu amependekeza kwamba treni hizo ziishie kwenye stesheni ya pembeni mwa mji na abiria wabadilishe hapo. Je, hilo linakubalika? Na kuna jambo lingine: makadirio ya abiria katika rasimu yanapanda kila mwaka kwa mstari ulionyooka kama rula. Niyaamini?

Mizania amejibu:

Kuhusu mstari ulionyooka, usiuamini, lakini usiutupe pia. Mtafiti wa miradi mikubwa, Bent Flyvbjerg, na wenzake walipolinganisha miradi mingi ya reli duniani na makadirio yake ya awali, walikuta gharama zilizidi kwa wastani wa takribani 45%, na katika miradi mingi sana abiria walikuwa wachache kuliko walioahidiwa. Sababu si hesabu mbovu peke yake. Mradi hupata fedha kwa kushinda miradi mingine, na anayeandika namba za matumaini hushinda. Baada ya hapo hakuna anayerudi kumuuliza.

Hata hivyo, njia zilizofufuliwa zina tabia ya kukosewa kwa upande wa pili pia. Katika ile njia ya Tweedbank, stesheni za mwisho wa njia zilipata abiria wengi mno kuliko makadirio, huku baadhi ya stesheni zilizo karibu na Edinburgh zikipata wachache kuliko ilivyotarajiwa, angalau mwanzoni. Mfumo wa kukadiria ulijua kuhesabu watu wanaokwenda kazini kila siku. Haukujua kuhesabu mwanafunzi wa chuo, mgonjwa anayekwenda kliniki, au bibi anayetembelea wajukuu, ambao kabla ya hapo hawakusafiri kabisa. Makosa hayo yana gharama yake: kwa kuwa abiria walikadiriwa wachache, mradi ulibanwa ukawa wa njia moja, na sehemu za kupishana zikapunguzwa hadi takribani kilomita 15 kati ya zile 48. Baadhi ya madaraja mapya yalijengwa kwa upana wa njia moja. Leo anayetaka kuongeza treni anakuta zege limeshasema hapana.

Ninachokiuliza mimi katika rasimu yoyote ni mstari wa uendeshaji. Fedha za kutandika reli hutoka mara moja, na kila kiongozi angependa kuonekana nazo. Fedha za dereva, mafuta au umeme, ukaguzi na mabehewa hutoka kila mwaka, na hazina utepe wa kukata. Nimewahi kuona hesabu za mradi ambamo ujenzi ulikuwa wa wizara na uendeshaji ukaachiwa halmashauri ambazo hazikuwa zimeulizwa. Treni zilianza tatu kwa siku, kisha mbili, kisha moja, na abiria walipopungua ikasemwa kwamba wananchi hawaitaki reli.

Mtazame pia njia ya Ashington, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Treni za shehena hazikuacha kupita, kwa hiyo kwa vigezo vya Fundi ilikuwa mgonjwa wa nafuu. Lakini ilipofunguliwa kwa abiria Desemba 2024, gharama ilikuwa imetoka pauni milioni 166 hadi karibu milioni 300. Reli ilikuwapo, ila stesheni, vivuko vya barabara na vijia vya miguu vya chini ya reli, mahali penye machimbo ya zamani, ndivyo vilivyokula fedha. Ukiona rasimu inazungumzia reli na mataruma tu, ujue stesheni hazijapigiwa hesabu.

Jirani wa Tuta amejibu:

Samahanini kwa kuingia kati ya wataalamu. Mimi naishi kando ya njia mojawapo ya aina hiyo, na ningependa kamati yako itukumbuke sisi ambao rasimu zinatuita "vikwazo katika hifadhi ya reli".

Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu wa vipimo wakachora alama nyekundu kwenye kuta zetu, mita chache kutoka kwenye tuta. Hawakusema lini, hawakusema fidia ni kiasi gani, na hawajarudi. Tangu siku hiyo hakuna benki inayokubali nyumba ile kuwa dhamana, mpangaji akiona rangi anaondoka, na paa linalovuja sijui kama nilitengeneze au niliache. Mpango haujajengwa hata mita moja, lakini gharama yake tumeshaanza kuilipa. Sipingi treni, na pengine ningekuwa abiria wa kwanza. Ninachoomba ni kwamba serikali ikitangaza njia, itangaze pia tarehe ambayo, kama kazi haijaanza, alama zitafutwa.

Na mwulize pia kuhusu vivuko. Tuta limekuwa njia yetu ya miguu kwa muda mrefu, na watoto hulivuka mara nne kwa siku. Ukuta ukijengwa pande zote mbili na kuachiwa vivuko viwili katika kilomita tano, watu watatoboa ukuta.

Mizania amejibu:

Jirani ana haki kabisa, na kuna jibu la kisheria ambalo serikali nyingi hulisahau. Marekani, tangu 1983, sheria inaruhusu njia ya reli iliyoachwa kugeuzwa kuwa njia ya miguu na baiskeli bila kufutiwa hadhi yake ya reli, ili treni ikihitajika siku moja ardhi isiwe imetawanyika. Kuitunza ardhi ni jambo moja, na kuijenga ni jambo lingine. La kwanza ni rahisi na linaweza kuamuliwa leo kwa njia zote za orodha. La pili lisitangazwe hadi fedha za fidia ziwe mkononi. Rasimu nyingi hufanya kinyume chake: zinatangaza ujenzi wa njia kumi, na hazilindi ardhi ya hata moja.

Mpanga Ratiba amejibu:

Nimalizie swali la kubadilisha treni pembeni mwa mji. Linakubalika kwa masharti. Abiria huvumilia kubadilisha ikiwa treni ya pili iko upande wa pili wa jukwaa lilelile na inaondoka ndani ya dakika chache. Akitakiwa kupanda daraja na mzigo, kisha asubiri dakika 25, hatarudi kesho. Kwa hiyo stesheni ya kubadilishia lazima ijengwe kwa kazi hiyo, na treni za mjini ziwe zinapita hapo mara nyingi, walau kila dakika 10 nyakati za msongamano. Njia nyingine ni kuunganisha treni mbili fupi kutoka matawi mawili ziingie mjini zikiwa treni moja, hivyo zikatumia nafasi moja langoni. Hili linahitaji mabehewa yanayofanana na ratiba isiyolegalega, kwa kuwa tawi moja likichelewa linalichelewesha na jingine.

Katika maoni yenu andikeni ombi hili kwa maneno haya au yanayokaribia: kwa kila njia inayopendekezwa, serikali ieleze treni ngapi kwa saa zitaingia stesheni kuu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, zitatumia jukwaa namba ngapi, na ni treni ipi ya sasa itakayosogea kuzipisha. Wakishindwa kuijaza safu hiyo ya mwisho, njia hiyo ibaki kwenye orodha ya kulindiwa ardhi, na fedha zake ziende langoni.

Abiria wa Asubuhi amejibu:

Nimeyaandika karibu neno kwa neno, pamoja na swali la Fundi la nani aliyetembea njia na ombi la Jirani kuhusu tarehe ya kufuta alama. Kikao chetu ni Alhamisi. Kuna njia saba katika orodha, na kwa hesabu niliyoifanya jana usiku kwa ratiba ya sasa, langoni kuna nafasi mbili.